Seva nyingi, daftari moja: Jinsi klasta ya kompyuta inavyowashwa

NENO 'seva' lilitoka katika vyumba vya mafundi wa kompyuta na kuingia masokoni mwaka 2017. Upinzani nchini Kenya ulipokataa matokeo ya uchaguzi wa urais wa Agosti 8 mwaka huo, wito uliosikika kila pembe ulikuwa kwamba seva zifunguliwe. Mnamo Septemba 1, Jaji Mkuu David Maraga, mzaliwa wa Nyamira, alitangaza uamuzi wa majaji wengi wa Mahakama ya Juu wa kuufuta uchaguzi huo. Miongoni mwa mambo yaliyowaudhi majaji ni jinsi tume ya uchaguzi ilivyokosa kutii kikamilifu agizo la kuruhusu seva zake zikaguliwe.

Seva ni kompyuta ambayo kazi yake ni kuhudumia kompyuta nyingine na simu. Huhifadhi data, hupokea maombi na kuyajibu. Kasoro ya kutegemea seva moja haihitaji maelezo marefu: ikizimika, ikiungua au diski yake ikijaa, huduma nzima hukatika. Ndiyo sababu asasi zinazoshughulikia fedha na rekodi nyeti huunda klasta, yaani kundi la seva kadhaa zinazobeba nakala za daftari lile lile na kufanya kazi kwa pamoja, hivi kwamba mteja huona kana kwamba anahudumiwa na mashine moja. Kila seva katika kundi hilo huitwa nodi.

Wakenya hutumia mifumo ya namna hii kila siku pasipo kuifikiria. M-Pesa, iliyoanzishwa Machi 2007, iliendeshwa kwa mitambo iliyokuwa Ujerumani hadi ilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Mnamo Septemba 2025, kampuni ya Safaricom ilihamia mtambo mpya iliosema unaweza kushughulikia miamala 6,000 kwa sekunde na kupanuliwa hadi 12,000. Hakuna kompyuta moja inayotwikwa mzigo wa aina hiyo peke yake. Mkulima wa Kebirigo anapopokea malipo ya majani chai kwa simu, hajui ni seva ipi iliyomhudumia, wala hana haja ya kujua.

Hata hivyo, kuwa na seva nyingi ni jambo moja na kuziwasha ni jambo jingine. Asiye na mazoea hudhani kwamba kuwasha klasta ya nodi tatu ni kubonyeza swichi tatu. Kumbe dakika za mwanzo ndizo zenye hatari kubwa kuliko zote, kwa kuwa nodi bado hazijajuana, wala hazijakubaliana ni nani wanachama wa kundi na ni daftari la nani linalopaswa kuaminiwa.

Kaunti za Kisii na Nyamira ni mahali pazuri pa kulielewa suala hili. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda milima ya Gusii, na katika misimu ya mvua ngurumo na radi za alasiri ni jambo la kawaida. Radi hukata umeme. Umeme unapokatika na kurudi, seva zisizokuwa na betri ya akiba huzimika na kuwaka bila mpango, kila moja kwa wakati wake.

Kuna pia siku ambapo giza huwa la nchi nzima. Usiku wa Agosti 25, 2023, muda mfupi kabla ya saa nne, umeme ulipotea karibu kote nchini, na baadhi ya maeneo yakakaa gizani kwa takriban siku nzima. Katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, jenereta iliyotarajiwa kuokoa jahazi katika sehemu ya uwanja huo ilikataa kuwaka. Kenya ilikumbwa na giza kama hilo tena mnamo Novemba na Desemba mwaka huo huo.

Wahandisi wa umeme wenyewe hawarudishi gridi kwa kuwasha vituo vyote mara moja. Huanza na kituo kinachoweza kujiwasha bila msaada, mara nyingi cha maji, kisha huongeza vituo na wateja kidogo kidogo, huku wakihakikisha kila kinachounganishwa kinakwenda kwa mapigo yale yale ya mizunguko 50 kwa sekunde. Mwenye klasta hufanya karibu vivyo hivyo, ila yeye halindi mapigo ya umeme bali ukweli wa daftari.

Mji mmoja, wakusanyaji wawili

Hatari inayoogopwa zaidi na wataalamu ni klasta kugawanyika na kuwa na vichwa viwili. Wakazi wa Keroka hawahitaji kusomea kompyuta ili waelewe maana yake. Mji huo umekaa mpakani mwa Kisii na Nyamira, kwenye barabara itokayo mjini Kisii kuelekea Sotik. Serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, pande zote mbili zilivutana kuhusu mji huo na mapato yake, na wafanyabiashara wakalalamika kwamba walitozwa ada na kaunti zote mbili. Kila upande uliamini kwamba ndio wenye mamlaka, na kila upande ulikuwa na stakabadhi zake. Aliyeumia ni mwenye kibanda.

Chukua mfano wa chama cha ushirika cha kubuni chenye seva tatu, moja mjini Kisii, ya pili mjini Nyamira na ya tatu Keroka, zote zikiwa na nakala ya akaunti za wakulima. Mkulima ana Sh6,000. Nyaya za mawasiliano zinakatika. Seva ya Kisii, isiyowasikia wenzake, inadhani wamekufa na kuendelea na kazi. Ile ya Nyamira inafanya vivyo hivyo. Mkulima anatoa Sh5,000 Kisii asubuhi, na mkewe anatoa Sh5,000 Nyamira mchana kutoka akaunti hiyo hiyo. Mawasiliano yanaporudi, chama kimelipa Sh10,000 kutoka akaunti yenye Sh6,000, na kina madaftari mawili ambayo kila moja limeandikwa kwa uaminifu.

Dawa ya ugonjwa huu ni akidi, neno ambalo madiwani wa kaunti zote mbili wanalijua vyema. Lakini akidi ya klasta ni kali kuliko ya Bunge. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 121, inalitaka Bunge la Kitaifa liwe na wabunge 50 na Seneti maseneta 15 ndipo kikao kiendelee. Wabunge 50 kati ya zaidi ya 300 wanaweza, kwa hesabu tu, kukaa katika kumbi mbili tofauti kwa wakati mmoja na kila ukumbi ukawa na akidi. Klasta haiwezi kuruhusu hilo. Akidi yake ni zaidi ya nusu ya wanachama wote walioandikishwa, wakiwepo au wasiwepo: wawili kati ya watatu, watatu kati ya watano, wanne kati ya saba. Makundi mawili hayawezi kuwa na zaidi ya nusu kwa wakati mmoja. Upande unaojikuta una wachache hauna budi kuacha kuandika na kusubiri.

Mfano wa Bunge si wa kulazimisha. Mtaalamu wa Marekani, Leslie Lamport, alipoeleza mbinu yake ya makubaliano iitwayo Paxos katika makala yaliyochapishwa mwaka 1998, alibuni bunge la kisiwa cha Ugiriki ambamo wabunge waliingia na kutoka wapendavyo, na bado sheria zilizopitishwa hazikupingana. Wengi hawakuelewa utani huo. Mwaka 2014, Diego Ongaro na John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa mbinu nyingine, Raft, waliyoikusudia iwe rahisi kueleweka, na leo mifumo mingi huitumia.

Katika Raft, nodi moja huwa kiongozi na kila jambo la kuandikwa hupitia kwake. Kiongozi hutuma ujumbe mfupi mara kwa mara kuwajulisha wenzake kwamba yu hai. Nodi isiyosikia ujumbe huo kwa muda fulani hujitangaza mgombea na kuomba kura, na hushinda ikipata zaidi ya nusu. Ili wote wasigombee kwa pamoja na kura kugawanyika, kila nodi husubiri kwa muda uliochaguliwa kwa bahati nasibu. Waandishi wa mbinu hiyo walipendekeza kati ya sehemu 150 na 300 za elfu moja za sekunde. Tena, nodi hainyimi kura bure. Humkataa mgombea ambaye daftari lake liko nyuma kuliko lake yenyewe.

Siku ya kwanza

Kabla ya kuwasha chochote, mafundi huhakikisha mambo ambayo yanaonekana madogo. Programu iwe ya toleo moja kwenye seva zote. Jina la klasta liwe lile lile kila mahali, ila jina na anwani ya kila nodi viwe vyake peke yake. Saa ziende pamoja. Njia ambazo nodi hutumia kuzungumza zisiwe zimezibwa na ukuta wa kinga wa mtandao, kosa linaloongoza kwa kupoteza saa za watu. Kosa jingine ni kunakili diski ya seva iliyokwisha kuwashwa ili kupata ya pili haraka: nakala hiyo hubeba utambulisho wa ya kwanza, na kundi hujikuta na watu wawili wenye kitambulisho kimoja.

Kisha huja swali la nani aanze. Nodi inapoamka, hutafuta kundi la kujiunga nalo. Siku ya kwanza kundi halipo. Kila nodi ikisubiri kukaribishwa, zitasubiri milele. Kila moja ikijitangaza mwanzilishi, kutakuwa na makundi matatu. Mifumo mbalimbali hulitatua fumbo hili kwa njia tofauti.

Katika hifadhidata ya MariaDB inayotumia Galera, fundi huchagua nodi moja na kuiwasha kwa amri maalumu, galera_new_cluster, inayoiambia kwamba ndiyo mwanzilishi. Nyingine huwashwa kwa njia ya kawaida, moja baada ya nyingine, zikiwa na anwani za wenzao. Kila mgeni hupewa na mwanachama mmoja nakala kamili ya data. Kazi hiyo humlemea mtoaji, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutowasha wageni wote kwa pamoja. Amri ile ya mwanzilishi hutolewa mara moja tu, kwa nodi moja tu. Fundi akiirudia kwenye nodi ya pili, atakuwa ameunda klasta ya pili, na skrini haitampigia kelele.

Cassandra, iliyoanzia katika kampuni ya Facebook na kutolewa kwa umma mwaka 2008, hutumia nodi chache ziitwazo mbegu. Si viongozi. Ni kama wenyeji wanaojulikana kijijini, ambao mgeni huwaendea kwanza kuuliza wengine wanakaa wapi. Mbegu huwashwa mwanzo, kisha nodi nyingine hufuata kwa zamu, na kila inayojiunga hupewa muda wa kutulia kabla ya nyingine kuitwa.

Mifumo kama etcd na Elasticsearch hutaka orodha ya waanzilishi iandikwe mapema, na iwe ile ile kwenye kila nodi. Elasticsearch, tangu toleo la 7 lililotoka mwaka 2019, husisitiza kwamba orodha hiyo ni ya siku ya kwanza pekee, nayo huondolewa klasta ikishaundwa. Nodi zilizoanzishwa kwa orodha zinazotofautiana huweza kuunda klasta mbili, na hakuna njia ya kuziunganisha baadaye bila kupoteza data ya upande mmoja. Hapo ndipo haraka ya dakika kumi hugeuka kazi ya wiki.

Nodi zote zikishawaka, fundi haangalii taa. Huuliza klasta yenyewe ina wanachama wangapi. Katika Galera jibu liko kwenye kipimo kiitwacho wsrep_cluster_size. Nodi tatu zinapaswa kujibu tatu, na zijibu hivyo zote. Moja ikijibu 'moja', hiyo imejitenga hata kama inapokea wateja vizuri.

Baada ya giza

Kuwasha upya baada ya nodi zote kuanguka ni kugumu kuliko siku ya kwanza, maana sasa kuna kitu cha kupoteza.

Turudi kwa chama cha ushirika. Umeme umepotea kila mahali, kama ilivyokuwa Agosti 2023. Betri ya Keroka imeisha saa tatu usiku, ya Nyamira saa tatu na nusu, ya Kisii saa tatu na dakika 32. Kati ya saa tatu na saa tatu na nusu, Kisii na Nyamira, zikiwa mbili kati ya tatu, zimeendelea kuandika malipo ya wakulima kihalali. Asubuhi umeme unarudi Keroka kwanza. Mhudumu aliye huko, mwenye nia njema na simu inayolia bila kukoma, anaiwasha seva yake kama mwanzilishi ili huduma irejee. Daftari la Keroka halina malipo ya nusu saa ile. Kisii na Nyamira zinapoamka na kujiunga, zinapokea daftari la Keroka kama ndilo la kweli. Malipo ya wakulima yanatoweka kwenye nodi zote tatu, pasipo hitilafu yoyote kuripotiwa.

Galera hujaribu kuzuia balaa hili. Kila nodi huweka faili ndogo iitwayo grastate.dat, yenye namba ya muamala wa mwisho na mstari usemao safe_to_bootstrap. Klasta ikizimwa kwa utaratibu, nodi ya mwisho kuzimwa hupata alama ya 1 kwenye mstari huo, na hiyo ndiyo yenye haki ya kuanza. Tatizo ni kwamba umeme ukikatika ghafla hakuna aliyeaga. Nodi zote hubaki na 0, na mahali pa namba ya muamala huandikwa -1, yaani haijulikani.

Katika hali hiyo, fundi hulazimika kuiamuru kila nodi ichimbe ndani ya data yake na kutaja muamala wa mwisho iliouona. Hulinganisha majibu ya zote tatu. Yenye namba kubwa kabisa ndiyo huanza, na ndipo alama yake hubadilishwa kuwa 1 kwa mkono. Kubadilisha alama hiyo bila kulinganisha ni kosa lililo rahisi kufanywa saa kumi alfajiri. Kinachohitajika ni mtu mmoja anayesikia habari za vituo vyote vitatu kabla ya kimoja kuanza. Simu tatu zatosha.

Mifumo ya akina Raft humpunguzia fundi mzigo huu, kwa sababu nodi iliyo nyuma haiwezi kupata kura za kutosha. Keroka ingewaka, ingeomba kura, na isipopata mwenzake ingekaa kimya. Wateja wangelalamika kwamba huduma haipo ilhali seva inawaka. Malalamiko hayo ni bei ndogo.

Idadi na mahali

Wanaoanza hupenda nodi mbili, moja Kisii na moja Nyamira, kwa kuona kwamba kila kaunti itakuwa na yake. Ni mpango mbaya. Zaidi ya nusu ya mbili ni mbili, kwa hivyo moja ikianguka ghafla nyingine hukosa akidi na kusimama. Nodi nne nazo haziongezi usalama juu ya tatu. Akidi yake ni tatu, na bado hustahimili kuanguka kwa moja tu. Palipo na bajeti ya seva mbili, Galera huruhusu msuluhishi: programu ndogo inayokaa kwenye kompyuta ya bei nafuu mahali pa tatu, isiyohifadhi data yoyote, ila yenye kura. Keroka, kwa mara moja, ingekuwa mwamuzi badala ya kugombaniwa.

Umbali wa Kisii hadi Nyamira hauchelewi kitu, kwa sababu mwanga ndani ya waya wa kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kasoro ya ujirani huo ni nyingine: ngurumo moja huweza kuzima miji yote mitatu. Nodi moja ikikaa Kisumu au Nairobi, radi ya Gusii haiifikii. Nodi tatu zilizopangwa katika chumba kimoja, zikinywa umeme kutoka soketi moja, hulinda dhidi ya seva kuharibika na si zaidi ya hapo.

Si kila mtu anayehitaji klasta. Zahanati yenye wagonjwa 40 kwa siku hufaidika zaidi na seva moja, betri nzuri, na nakala ya akiba inayotolewa nje ya jengo kila jioni na kujaribiwa kama inasomeka. Klasta iliyowekwa na mjuzi kisha ikaachwa kwa asiyejua kuiwasha ni hatari kuliko seva moja inayoeleweka.

Kwa anayetaka kujifunza, kipakatalishi kimoja kinatosha. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisii anaweza kuunda humo nodi tatu za kuigiza kwa programu zisizolipiwa, kuandika akaunti kumi za wakulima wa kubuni, kisha kuziua nodi zote kwa ghafla, moja baada ya nyingine, huku akiendelea kuandika. Baada ya hapo aiamuru kila nodi itaje muamala wa mwisho iliouona, alinganishe namba, na aamue ipi iamke kwanza. Kisha azirudishe zote zilivyokuwa, na safari hii aanze na ile isiyostahili, ahesabu ni akaunti ngapi zimebadilika.